Anemoni usimnunue kwanza

Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi pale Kisasa, Dodoma, kwa wenzetu wanaofuga samaki wa mapambo. Nimeyaandika vile vile nilivyoongea, sentensi ndefu mtanivumilia.

Mbukwenyi! Eeh, mmeitikia kwa nguvu, hata wale waliohamia juzi kutoka Dar naona wameshaijua salamu ya Kigogo, safi sana. Waheshimiwa, maana Dodoma ya siku hizi ukimuita mtu ndugu anaweza akanuna, sogeeni mbele huku viti vipo.

Nimeombwa niongelee anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye minyiri anayefanana na ua, na najua kwanini, kwa sababu kila mtu humu akishaweka tenki la maji chumvi, hata mawe hayajashika rangi, anataka anemoni na wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe, klauni, wanaolala ndani yake. Sasa mi naanza na jambo ambalo wauzaji hawatalipenda. Anemoni usimnunue kwanza. Tenki lipe miezi sita, likifika mwaka ndo vizuri zaidi, weka mawe yako, weka samaki wawili watatu wagumu, lipitie purukushani zake zote, afu ndo turudi tuongelee anemoni.

Watu wakisikia kusubiri wanafikiria ile kazi ya bakteria tu, kwamba wageuze amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, iwe naitraiti, afu naitraiti iwe naitreti, na kweli hiyo mara nyingi inakaa sawa ndani ya wiki nne mpaka sita. Unapima, amonia sifuri, naitraiti sifuri, unajiona umemaliza. Hujamaliza bana. Hapo samaki anaweza kuishi, kwa sababu samaki ana figo, ana magamba, chumvi ikiyumba kidogo mwili wake unajirekebisha. Anemoni hana hayo mambo. Yule hana mfupa wala ganda, kinachomfanya asimame ni maji yale yale ya tenki aliyojijaza tumboni, kwa hiyo chumvi ikipanda nje imepanda na ndani yake, joto likishuka nje limeshuka na ndani, hana mlango wa kufunga. Ndo maana nasema anemoni wengi hawafi kwa njaa wala kwa kukosa vifaa vya bei mbaya, wanakufa kwa sababu maji yanayumba leo hivi kesho vile, na tenki jipya ni bingwa wa kuyumba.

Sasa tuje kwetu hapa. Adui yetu wa kwanza Dodoma ni hewa kavu. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, upepo unapuliza kutwa, nguo ukianika saa nne saa sita imekauka, na tenki nalo linakauka hivyo hivyo sebuleni kwako. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, hapo ndo pa kuelewa. Chukua tenki la lita 200 lenye chumvi 35 kwa elfu, ambayo ndo ya bahari, refraktomita, kile kipimo cha chumvi, inasoma 1.026 hivi. Likipoteza lita 3 kwa siku, na wewe umeenda safari ya kikazi wiki nzima, ukirudi una lita 179 na chumvi imeshafika 39. Samaki wako atakuwa anakutazama tu anasubiri chakula. Anemoni utamkuta amesinyaa kama soksi iliyovuliwa. Na wewe kwa hofu unachukua ndoo unamwaga lita 21 kwa mpigo, chumvi inaporomoka ndani ya dakika moja, basi kama hakufa kwa kupanda atakufa kwa kushuka.

Kwa hiyo kujaza maji ni kazi ya kila siku, na unajaza kwa maji yasiyo na chumvi, narudia, yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikwenda popote. Mwenye uwezo anunue kile kifaa cha kujaza chenyewe chenye floti na pampu ndogo. Asiye na uwezo achukue selotepu, abandike mstari kwenye kioo (kama una sampu, yaani lile tenki la chini la kuchujia, bandika kwenye sampu, maana huko ndo maji yanashuka), na asubuhi na jioni ajaze mpaka mstarini. Ukisafiri, dada wa nyumbani asiachiwe maelezo marefu ya kisayansi. Weka madumu mawili, la bluu maji yasiyo na chumvi, jeupe maji ya chumvi, mwambie dada maji yakishuka chini ya mstari jaza kwa la bluu, jeupe usiliguse mpaka nirudi. Basi. Hata hilo jeupe lifiche kabisa stoo.

Kuhusu maji yenyewe. Kuna wazee wangu huwa wananiambia, kijana, maji ya Dodoma si yana chumvi tayari, unahangaika nini? Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe kule Makutupora, na maji ya ardhini yanabeba madini ya miamba yaliyopitia, ndo ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Kuchemsha hakuyamalizi, mengine yanabaki, na maji yakipungua yanakolea. Ukijaza tenki kila siku kwa maji hayo unaongeza madini kila siku, na baada ya miezi kadhaa una maji ambayo hata wewe huyajui ni ya wapi.

Dawa ni mashine ya RO, ile inayosukuma maji yapite kwenye membreni, chujio laini sana, yenye ile chujio ya mwisho ya resini, afu unapima kwa kijimita cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, mpaka kisome 0. Yale maji ya RO ya madukani ya kunywa mengine yanarudishiwa madini yawe na ladha, kwa hiyo pima kabla hujaamini. Shida ya mashine huku kwetu ni mbili. Moja, maji magumu yanakula membreni haraka, chujio za mwanzo badilisha mapema usisubiri. Pili, kwa kila lita moja safi inamwaga lita tatu nne hivi, na kwa mji wenye mgao wa maji hiyo ni dhambi, kwa hiyo ule mrija wa kumwaga uelekeze kwenye pipa, maji yake ni ya kudekia na kumwaga chooni, hayana shida yoyote. Bustani sikushauri sana, yana madini yaliyokolea.

Mvua je? Kuna mtu kaniuliza nilipokuwa naingia. Mvua zetu za Desemba mpaka Machi ni chache lakini maji yake ni laini kweli, tatizo yamepita kwenye bati, na bati jipya lina zinki, na zinki kwa wanyama wasio na uti wa mgongo ni sumu hata ikiwa kidogo. Ukiyakinga, yapitishe kwenye RO vile vile, angalau membreni itakushukuru.

Na chumvi. Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwenye mboga, niachieni hapo. Kwenye maji ya bahari, sodiamu na kloraidi ni kama asilimia 85 ya chumvi yote, ile 15 iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo, na hivyo ndo chumvi ya jikoni haina. Nunua chumvi ya akwaria, gramu 36 mpaka 38 kwa lita kutegemea aina, koroga kwenye ndoo na pampu usiku kucha, pima, ndo uweke. Asilimia 10 ya maji kila wiki inatosha, na maji mapya yawe na joto lile lile na chumvi ile ile. Kalsiamu ppm 400 mpaka 450, alkalini dKH 8 mpaka 11, pH 8.1 mpaka 8.4, naitreti isipande sana, fosfeti iwe ndogo. Hizo namba mnazo tayari wengi wenu, sipotezi muda. Mi namba inayonivutia zaidi ni ile ya jana, kwamba leo iko pale pale.

Joto, nyuzi 25 mpaka 27. Watu wa Dar hita wanaiona kama pambo, sisi Juni na Julai usiku tunashuka mpaka nyuzi 13 au 14, blanketi mbili, kwa hiyo hita ni lazima, tena weka mbili ndogo kuliko moja kubwa ili moja ikiharibika isikupikie tenki wala isiliache likagande. Oktoba na Novemba ni kinyume, unawasha feni ipulize juu ya maji, inashusha joto vizuri tu, ila feni inaongeza kukauka, kwa hiyo siku unayowasha feni na kujaza kunaongezeka, hivyo vitu viwili haviachani.

Na umeme ukikatika, au luku ikaisha saa nane usiku wote mmelala? Pampu zikisimama hewa inaisha. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, hivyo oksijeni inayoyeyuka kwenye maji ni pungufu kama asilimia 12 ukilinganisha na Dar kwa joto lile lile, na maji ya chumvi yenye joto hayana oksijeni nyingi tangu mwanzo. Sisi hatuna akiba kubwa. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha umeme ukikatika, nunua kabla ya kununua taa ya kifahari.

Hapa naomba niwape stori moja kwa sababu naona mmeanza kuchoka na namba. Mwaka 1828 kule Scotland kuna bwana anaitwa Sir John Graham Dalyell alichukua anemoni mdogo kwenye mawe ya pwani ya North Berwick, akamuweka nyumbani kwenye chupa ya kioo yenye maji ya bahari. Hakuna pampu, hakuna taa, umeme wenyewe majumbani haupo. Kazi ilikuwa moja, kubadilisha maji na kumpa chakula kidogo. Dalyell akafariki 1851, anemoni yupo. Akarithiwa na mtu mwingine, na mwingine, akaishia mikononi mwa watu wa bustani ya mimea ya kifalme ya Edinburgh, wakamwita Granny, akazaa watoto mamia, na akafa Agosti 1887, gazeti likamwandikia tanzia kama mtu mkubwa. Karibu miaka 60 ndani ya chupa!

Msinielewe vibaya, Granny alikuwa wa aina ya bahari zenye baridi, wale wanaoishi mawimbi yanapopanda na kushuka, wamezoea shida, tena hawategemei mwanga. Hawa wetu wa kitropiki wanaokaa na samaki wana mwani mdogo mdogo ndani ya nyama yao, mwani unatengeneza sukari kwa mwanga na unamlisha mwenye nyumba, kwa hiyo kwetu taa ni chakula. Ila angalia umri. Mnyama huyu hana uzee kama wetu, akifa kwako baada ya miezi mitatu usiseme siku zake zilifika.

Taa basi, iwake masaa 8 mpaka 10 kwa siku, weka kwenye taima isiwe kwa mkono. Anemoni mgeni anza naye kwa mwanga mdogo upandishe taratibu, kwa sababu mwanga mkali ghafla unamfanya autoe ule mwani nje, anabaki mweupe. Dirisha la jua sikushauri, jua la Dodoma litakupa mwani wa kijani kwenye kioo na joto usiloliweza.

Haya, sasa tenki limekaa, unaenda kununua. Ukimwona wa njano kali ya ndimu au pinki ya kung'aa kila sehemu, mwache hapo hapo dukani. Wengi wa hivyo wamepakwa rangi, na wamepakwa kwa sababu walishakuwa weupe, yaani mwani umeshatoka, unanunua mgonjwa aliyevalishwa suti. Mzima ana kahawia, kijani, zambarau ya wastani, mdomo wake umefungwa vizuri katikati, minyiri inanata ukiigusa na kipande cha chakula, na mguu, hapa chini anaposhikia, hauna mchaniko. Muuzaji akimbandua kwa kumvuta kwa vidole mbele yako, mwambie asante kaka, nitarudi, na usirudi. Mguu ukichanika bakteria wanaingia. Anayejua kazi anamuuza na jiwe lake, au anamsukuma taratibu kwa kadi laini ya plastiki.

Aina gani? Kuna aina kama kumi tu duniani, kati ya zaidi ya elfu moja, zinazokaa na samaki klauni. Mi ushauri wangu kwa anayeanza ni Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake zinavimba vimba. Ni mvumilivu kuliko wenzake, na zuri zaidi anajigawa mwenyewe, anajipasua katikati unakuwa na wawili, kwa hiyo unaweza kupata kwa mwenzako ambaye tayari wa kwake amezaliwa ndani ya tenki, hajui bahari, hajasafirishwa. Wale wakubwa wa zulia, Stichodactyla, wengine wanafika mita moja kwa upana baharini, sasa wewe una tenki la futi nne unampeleka wapi? Wazuri, sikatai. Waangalie ukienda Mafia.

Na nikishasema Mafia, tafadhali, msimtume mvuvi akubandulie. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na visiwa vya pale Dar, Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu, kuchukua viumbe mle bila kibali ni kuvunja sheria. Na hata nje ya hifadhi, kwenye mwambao wetu kuna klauni kama Amphiprion allardi, yeye ni wa Afrika Mashariki na kusini yake tu, na anaishi kwa kutegemea anemoni mle mle, ukimbandua anemoni mmoja umevunja nyumba ya familia nzima. Halafu safari ya kilomita 450 mpaka huku ndani ya mfuko wa plastiki, wengi wanafika wakiwa supu.

Amefika nyumbani. Msawazishe joto, mdondoshee maji ya tenki tone tone kama saa nzima, afu mweke kwenye mawe yenye nyufa, mwanga wa kati, mkondo wa kati. Halafu zima pampu za mkondo kwa muda, ashike. Akianza kutembea usimrudishe. Anatembea kwa sababu pale hapajamfaa, mwanga au mkondo, atapata kwake na atakaa hapo miaka. Hatari ni kwamba akitembea usiku anaingia kwenye pampu, na hapo unaamka asubuhi unakuta tenki limejaa vipande, afu vipande vinaoza, amonia inapanda, samaki wote wanafuata. Kila pampu ivalishwe sponji au wavu, hita nayo iwe na kikapu chake asije akakaa juu yake akaungua. Hiyo fanya kabla hajafika, si baada.

Chakula, mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha kamba mbichi ukubwa wa punje ya mahindi. Kamba wa bahari, asiyetiwa chumvi wala viungo. Wengine mnampa sato wa Mtera kwa sababu ndo rahisi sokoni, sikatazi siku moja moja, lakini mafuta ya samaki wa ziwani si sawa na ya baharini, isiwe ndo mlo wake. Ukimpa kipande kikubwa ataking'ang'ania, afu kesho anakitapika kimeoza. Na mnapomwona amesinyaa masaa machache anatoa uchafu wa kahawia mdomoni, msinipigie simu saa sita usiku, yule ana tundu moja tu la kuingizia na kutolea, anasafisha tumbo. Simu nipigieni kama mdomo umebaki wazi na umejikunjua nje, haujirudi, mguu umeachia na anapeperuka, na maji yananuka. Akinuka ameshakufa, mtoe saa hiyo hiyo, badilisha maji mengi, weka kaboni ya kuchujia.

Jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana: dawa ya mbu. Zile spreyi zetu za kupuliza chumbani nyingi zina pairethroidi, na hiyo ni sumu kali kwa wanyama wa majini. Pampu ya hewa inaivuta na kuisukuma moja kwa moja ndani ya tenki. Chumba chenye tenki tumieni neti. Na dawa za samaki zenye shaba kwa ajili ya madoa meupe, kamwe ndani ya tenki lenye anemoni, mtibu samaki kwenye ndoo ya pembeni. Mikono pia, ukishapaka losheni usiingize.

Maswali mawili nimeyaona kwenye karatasi. Dada pale anauliza, klauni wake wataishi bila anemoni? Wataishi vizuri kabisa dada yangu, kwenye tenki hakuna wa kuwakimbiza, watachagua kona au tumbawe laini au hata ile pampu wataifanya nyumba. Na anemoni naye ataishi bila wao. Klauni wengine tena ni wasumbufu, wanamsugua anemoni mdogo mpaka hafunguki, kwa hiyo subiri anemoni awe mkubwa kuwazidi kwa mbali.

Na kaka wa suti ya bluu anauliza kuhusu cipro, ile antibiotiki, amesikia inatibu anemoni. Ni kweli watu wanaitumia kwa wale wanaofika wakiwa na maambukizi, lakini ndani ya tenki la hospitali pembeni, maji yanabadilishwa kila siku, si kwenye tenki kubwa ambako inaweza kukuulia bakteria wako wazuri. Na cipro ni dawa ya watu pia kaka, tukizoea kuimwaga kwenye mabomba itafika siku haitusaidii sisi wenyewe. Kabla ya kwenda duka la dawa nionyeshe kwanza picha ya mdomo na mguu wake, na uniambie chumvi inasoma ngapi, kwa mita iliyorekebishwa kwa maji ya kupimia yenye chumvi 35 kwa elfu, si ile ya mshale wa plastiki. Mliobeba refraktomita zenu zileteni hapa mezani, chupa ya kupimia ninayo.